Nijibie Jumapili

Karakana, 9 Machi

Wifi yangu Dobi,

Sianzi na "mimi mzima, hofu ni kwako", maana kaka yako alikuwa akipokea barua ya namna hiyo anasema huyu mtu amemaliza mstari mzima bila kuniambia kitu. Naanza na neno lenyewe: barua yako imechelewa. Jumapili iliyopita nimekujibia kwa habari za mwezi uliopita, na habari zilizolala hazifai. Nilisema, "Yupo, mashine yao moja imeharibika, wanafua kwa mikono." Huenda mashine ilishatengenezwa zamani na nimeiombea bure.

Usicheke. Ulikuwepo mwenyewe siku kaka yako alipoanzisha utaratibu huu, umekaa karibu na mlango kwenye lile benchi lenye mguu mfupi. Alikuwa ametoka kuulizwa na wakubwa wa makanisa kanisa lake hili la karakana ni kubwa kiasi gani, akashindwa kujibu, akarudi amenuna. Jumapili ile akasema hatuombi mpaka tujue kila mtu yuko wapi. Anaita mmojammoja. Aliyepo anaitika mwenyewe. Asiyekuwepo anajibiwa na mwenzake mwenye habari zake za wiki ile, habari za kweli, siyo "nadhani hajambo". Akikosekana wa kumjibia, hakuna kwenda nyumbani kula, watu wanainuka kumtafuta. Mama Mkaa alinuna mwezi mzima kwa sababu tulikwenda kumtafuta Kinyozi na sufuria yake ikaungulia jikoni. Kaka yako akamwambia kanisa ni kujua aliko mwenzako, sufuria utasugua.

Sasa naita mimi. Daftari hakuna, hakuwahi kuwa nalo. Watu wote walikuwa kichwani mwake, na kabla hajafa alinikabidhi vilevile alivyonikabidhi funguo za karakana. Wewe ni Dobi, yule ni Gundi, yule Kinyozi, mimi Msasa kwa ajili ya ulimi wangu. Hata yeye namwita. "Seremala." Halafu najibu, "Yupo, ametangulia."

Karakana ni nzima, usiwe na wasiwasi. Jumapili iliyopita hakuna hata mmoja aliyekosa wa kumjibia. Tumeongezeka hata: Mlinzi wa godauni la simenti nimemwingiza. Ni mtu wa chupa, lakini ana habari nyingi na alikuwa hana wa kumpa.

Unasema nitafute simu. Sitaki. Kwenye simu utasema sijambo, nami nitasema sijambo, tumemaliza. Kwenye barua mtu anakaa anafikiri, na akitaka kudanganya inambidi adanganye kwa mkono wake mwenyewe.

Mguu wangu nimeuchoma na msumari uliokuwa umejificha kwenye maranda. Ni kaka yako huyo, aliuacha makusudi nisije nikamsahau. Kidonda ni kidogo.

Niambie kwaya inaendeleaje huko. Nataka cha kusema Jumapili.

Wifi yako,
Msasa


Hospitali, chumba cha kufulia, 27 Machi

Wifi Msasa,

Nimepigwa msasa mpaka nimeng'aa. Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine imetengenezwa, maombi yako yamefika, ila sasa imeharibika nyingine. Ukiomba tena taja zote.

Kazi ni ileile. Sisi huku chini wagonjwa hatuwaoni, tunaona mashuka tu. Toroli zinashushwa asubuhi, tunachambua kwa mkono: yenye damu huku, yenye dawa kule, yaliyochanika yanakwenda kwa fundi cherehani. Mashuka ya wodi ya watoto yakija machache, tunafurahi wote na hakuna anayesema kwa nini. Mikono yangu imekuwa myeupe kwa dawa ya madoa, ukiniona utadhani nimevaa glavu.

Kwaya inaendelea vizuri. Mwalimu wetu ni mzuri. Nyimbo ni nzuri na tunaimba vizuri. Sema hivyo Jumapili.

Huo msumari una kutu, wifi. Nenda zahanati wakusafishe, usiweke mafuta ya taa kama kawaida yako. Nafua mashuka ya watu waliosema kidonda ni kidogo.

Nikuambie kitu kimoja. Siku niliyofika kumzika kaka, mlikuwa mmekwisha kuzika. Nilikuta udongo umepigwapigwa na koleo limeegemezwa kwenye mti, na mtu mmoja ananawa mikono. Tangu siku hiyo kuna mahali ndani yangu hapajakaa sawa. Lakini nikichoka najiambia, karakana imejaa. Watu wanaingia, wanapangusa maranda kwenye mabenchi, wanakaa. Hicho ndicho kitu cha kaka kilichobaki ambacho bado kinakua. Ukiniandikia kwamba wote wamejibiwa, ninaamka.

Msalimie Gundi. Mwambie viatu alivyonishonea bado vinauma palepale.

Dobi


Kibanda cha viatu, 15 Aprili

Kwako dada Dobi,

Ni mimi Gundi, fundi viatu wa kona, niliyekuwa mzee wa kanisa pale karakana. Mimi na kalamu hatupatani. Naandika kama ninavyoshona, kwa hiyo mshono utauona.

Salamu zako nimezipata kwa wifi yako, na neno lako juu ya viatu nimelisikia. Miguu yako ina vidole vingi kuliko watu wengine.

Dada, kuna jambo ambalo naona wewe hulijui, kwa sababu ungelijua usingenisalimu kama mtu wa karakana. Mimi si wa karakana tena. Hakuna wa karakana. Baada ya kumzika kaka yako wifi yako aliendelea kuita, na akawa anamwita na marehemu. Tulivumilia tukidhani ni uchungu. Haukuisha. Nikasema mbele ya watu, wafu hawaitwi. Kama sheria ya Seremala ni habari za wiki hii, habari za marehemu anazo nani? Akanijibu neno, nikakasirika zaidi. Nikatoka. Wengine wakanifuata, wengine wakafuata waliofuata. Sasa tunasali ule ukumbi mkubwa baada ya kituo cha mafuta. Kuna vipaza sauti, kuna vijana, watu wanajaa mpaka wanasimama nje. Kama kanisa linakua, basi ndivyo linavyokua.

Yeye amebaki peke yake. Kinyozi alipita Jumapili moja dirishani akamsikia. Anaita majina yetu wote na kujijibu. Anasema Mama Mkaa yupo, binti yake amejifungua. Gundi yupo, mgongo unamsumbua. Mabenchi matupu. Watoto wanachungulia na kucheka, watu wazima wanasema amechanganyikiwa. Mimi sisemi hivyo lakini nasikia wakisema.

Na wiki haipiti hajafika kibandani kwangu. Anakaa kwenye kigoda cha wateja ananiuliza habari zangu. Nyumbani mnaendeleaje, mgongo unaendeleaje. Anazunguka kwa kila mtu hivyohivyo. Najua anatafuta nini, anataka nirudi. Namjibu mkato naendelea kupiga nyundo.

Ninachoomba ni hiki. Yale mabenchi ni mali ya kaka yako na wewe ndiye damu yake. Kule ukumbini watu wanasimama, huku mabenchi yanakaliwa na vumbi. Ukikubali tuyahamishe, wifi yako naye atayafuata. Yale mabenchi aliyapiga msasa yeye mwenyewe, moja baada ya jingine. Hatakaa kwenye chumba kitupu. Nasema kwa kumpenda, usidhani vingine.

Gundi


Hospitali, 2 Mei

Fundi Gundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikairudia nimekaa. Sikujua. Aliniandikia kwamba karakana ni nzima.

Yachukueni mabenchi. Yachukueni taratibu, na lile la mguu mfupi mlitilie kipande cha mbao chini lisije likamwangusha mgeni. Kama atayafuata, mkalisheni mbele. Asikae peke yake tena, hilo ndilo ninalotaka.

Dobi


Hospitali, 2 Mei

Wifi,

Umeniambia wamejibiwa wote. Umeniambia mmeongezeka. Nimekaa huku nikijishikilia kwenye maneno yako, kumbe ni wewe na mabenchi.

Kwa nini, wifi? Ungesema tu, wametoka, nimebaki. Ningelia, ningenyamaza, lakini ningejua. Kaka yangu hakuacha kitu kingine duniani. Hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Aliacha wale watu, nawe umeficha kuondoka kwao kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika.

Na kumwita kaka, wifi. Amekufa. Nami sikumwona akishushwa, lakini najua amekufa. Kwa ajili ya jina moja umepoteza mengine yote.

Nimemruhusu Gundi ayachukue mabenchi. Najua utachukia. Nenda nayo, ukae na watu, uimbe na watu. Nakuomba kama unavyoniombea mimi.

Na mguu hukuniambia unaendeleaje.

Dobi


Karakana, 24 Mei

Wifi yangu,

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia juu ya goti, nimekaa kwenye magogo. Mabenchi yamekwenda. Walikuja wakiwa wengi, hawakuniangalia usoni, Kinyozi alikuwa anapangusa kila benchi kabla hajalinyanyua utadhani lina mtu. Nikawasaidia kushika mlango.

Umeniuliza kwa nini nimekudanganya. Sikukudanganya, wifi, na hili ulisome polepole. Nilikuandikia kwamba hakuna aliyekosa wa kumjibia. Ni kweli. Jumatatu nakwenda kwa Mama Mkaa. Jumanne kwa Kinyozi, ninakaa kwenye foleni ya wanaonyolewa. Siku nyingine kwa Gundi, ananijibu kama anang'oa misumari, lakini katika hayo machache huwa kuna moja la kweli. Mlinzi namkuta akimaliza zamu. Jumapili nikisimama hapa nikiita, ninayo habari ya kila mmoja, mpya, ya wiki hiyo. Wao wametoka karakana. Mimi sikuambiwa na mtu yeyote kwamba nami niwatoe.

Kaka yako hakuniachia mabenchi, aliniachia watu. Nilipomwuliza akiwa kitandani, nikibaki peke yangu nifanyeje, akasema, "Ukiwa na habari zao, wapo." Basi nimefanya hivyo. Na kama unauliza kukua, tumekua. Mlinzi hakuwa na mtu anayejua kama amekula, sasa yupo mmoja. Hivyo ndivyo kaka yako alivyohesabu, na ndiyo maana wakubwa wale hawakumwelewa.

Gundi hakukuandikia nilimjibu nini siku ile. Aliuliza habari za marehemu anazo nani. Nikamwambia habari zake zililetwa na wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi wakalikuta liko wazi, na kama habari hizo zimelala, basi tufunge karakana na ukumbi wake pia. Akatoka. Nilimsema vibaya, ulimi wangu unaujua. Ningelisema polepole labda angekaa.

Nilikwenda nayo mabenchi, kama ulivyoniomba. Nilikaa kwenye lile la mguu mfupi. Wanaimba vizuri, usidhani nawadharau, na aliyehubiri alihubiri maneno ya Mungu. Mwishoni wakasema wageni wote wasimame. Dada mmoja mwenye utepe kifuani akanishika bega kwa upole akasema, "Simama, mama, usione haya." Nikasimama. Wakanipigia makofi, wakasema karibu sana na siku nyingine usipotee. Mama Mkaa alikuwa mbele yangu, akainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Nilicheka, wifi. Nilipofika nyumbani ndipo nilipolia.

Sijarudi tena. Jumapili naita hapahapa. Chumba kikiwa kitupu sauti inarudi, inakuwa kama kuna wawili.

Sasa na mimi nikuambie neno. Wewe huimbi kwaya. Mtu wa kwaya hulalamika. Husema mwalimu anatuchelewesha, fulani anaimba kwa pua, sare zinabana. Wewe tangu kaka yako afe umeniandikia nyimbo ni nzuri na mnaimba vizuri, mara zote, maneno yaleyale. Nilishajua. Ndiyo maana Jumapili sikusema unaimba kwaya. Nilisema, "Yupo, anafua, amechoka." Kama nilikosea nirekebishe.

Sikukuuliza kwa sababu nilidhani siku moja utaandika mwenyewe. Sikukasirikii. Tumefichana wote wawili, kila mmoja akiogopa mwenzake ataanguka.

Mguu si mbaya.

Msasa


Hospitali, 11 Juni

Wifi Msasa,

Umenikamata. Sijaingia kanisani tangu siku ile ya koleo. Nilijaribu Jumapili moja, nikafika mlangoni, wakaanza kuimba, miguu ikageuka yenyewe. Nikaona haya kukuandikia, kwa sababu wewe ndiye uliyefiwa na mume nawe uliweza, mimi dada mtu nikashindwa.

Na mabenchi. Wifi, nimekuchukulia hata mahali pa kukaa. Nimemwandikia Gundi ayarudishe. Kama amechelewa mwambie nakuja mwenyewe kuyabeba kichwani. Nimeomba likizo, bado hawajanijibu.

Uliandika mguu si mbaya. Mwanzo uliandika ni kidonda kidogo. Kidogo na si mbaya ni vitu viwili, nimekaa na wauguzi miaka mingi. Niambie una rangi gani. Niambie kama unanuka. Usione haya, mimi kazi yangu ni hiyo.

Nani anakupelekea maji? Nani anakuuliza?

Dobi wako


Hospitali, 30 Juni

Wifi,

Nilitegemea barua yako wiki iliyopita. Huenda iko njiani zimepishana. Likizo wamenipa ya Agosti.

Niandikie hata mstari mmoja. Nikujibie kwa habari gani?

Dobi


Karakana, 20 Julai

Dada Dobi,

Naandika nikiwa karakana, kwenye meza ya kazi ya Seremala. Neno lenyewe nadhani ulishapewa. Wifi yako amefariki. Tulipiga simu ofisi ya hospitali yenu, wakasema umo zamu, watakupa ujumbe. Tukapiga tena kesho yake, wakasema hivyohivyo. Hatukuweza kusubiri zaidi. Mazishi yote mawili umeyakosa, dada.

Nikueleze ilivyokuwa. Wiki moja hakuja kibandani. Nikajisemea afadhali, amechoka kunifuata. Nilifurahi siku hiyo nzima. Kesho yake nilikuwa nanyanyua kichwa kila mtu akipita. Wiki ya pili nikamwendea Mama Mkaa kwa kisingizio cha mkaa. Akaniambia yeye alidhani siku hizi anashinda kwangu. Tukaenda kwa Kinyozi, naye alidhani yuko kwa Mama Mkaa. Kila mtu alikuwa amemweka kwa mwenzake.

Tulipofika karakana tukamkuta Mlinzi ameshavunja mlango. Ndiye aliyemkosa kwanza, maana alizoea kuulizwa kama amekula. Wifi yako alikuwa amelala juu ya meza hii, mguu umevimba mpaka juu ya goti, mweusi. Sote tulikuwa tukimwona anapita na gauni lake refu. Hakuna aliyeuangalia mguu. Alikuwa hatutambui, anauliza tu. Binti amepona? Mgongo je? Nilimjibu, dada. Safari ile nilimjibu vizuri, sikujua kama anasikia. Tulimkimbiza hospitali, hakufika asubuhi.

Barua yako ya mabenchi niliipata. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia watu wa ukumbini, nikachelewa.

Jumapili baada ya mazishi hatukupanga kukutana. Nilitoka nyumbani nikielekea ukumbini, nikajikuta niko hapa. Mama Mkaa alikuwa mlangoni. Kinyozi akaja, Mlinzi akaja ananuka pombe lakini amenyoosha shati. Wakaja wengine, siyo wote. Wengi wamebaki kule na sisemi wamekosea. Tukasimama, hapakuwa na pa kukaa. Mtu akasema tuite. Ndipo tukagundua hakuna mwenye majina. Alikuwa nayo yeye, naye hayupo.

Ikabidi kila mmoja ataje anayemjua. Mama Mkaa akamtaja Kinyozi, Kinyozi akataja mwingine, tukaenda hivyo tukishikana kama uzi. Mara nyingi mtu alitajwa na hakuna aliyekuwa na habari zake. Tumesali ukumbi mmoja zaidi ya mwaka, bega kwa bega, hakuna anayejua. Mke wangu ndiye alinijibia mimi, akasema yupo, ni mkaidi. Watu wakacheka kidogo.

Mlinzi akamtaja Seremala. Hajamwona hata siku moja, alimsikia tu kwa wifi yako. Wakaniangalia mimi. Nikajibu. Nilisema, "Yupo, ametangulia." Halafu Mlinzi akamtaja na Msasa, hapo nikashindwa, na wote wakashindwa, na jibu halikutoka.

Mwisho Mama Mkaa akakutaja wewe. Hakuna aliyekuwa na neno. Sheria unaijua, asiyejibiwa anatafutwa, hakuna kwenda kula. Lakini wewe uko mbali. Wakaamua niandike. Barua hii ndiyo kukutafuta kwenyewe. Tuambie uko wapi, dada, na unaendeleaje. Usiniandikie mambo ya kwaya, wifi yako alishaniambia.

Benchi moja nimelirudisha, la mguu mfupi. Niliona nianze na hilo.

Gundi


Hospitali, chumba cha kufulia, 1 Agosti

Fundi Gundi, Mama Mkaa, Kinyozi, Mlinzi, na wote mliosimama,

Ujumbe nilipewa mlipokuwa mmekwisha kuzika. Karani aliuandika kwenye kikaratasi, akakisahau kwenye mfuko wa koti lake, na koti likaletwa kufuliwa. Nilikikuta mimi mwenyewe wakati wa kuchambua. Kilikuwa bado hakijaloa.

Sikuja. Likizo ninayo, begi nililifunga, nikalifungua. Nikashushwe kwenye basi nikute koleo limeegemezwa tena, siwezi. Nitakuja, lakini siyo wiki hii.

Mabenchi niliyatoa mimi. Gundi, usiubebe mzigo huo peke yako, mshono wa pili ni wangu. Nilidhani atakwenda mahali walipo watu. Sikujua kwamba alikuwa akienda kwao kila siku, kwa mguu ule.

Nimeisoma mara nyingi ile sehemu ya Mlinzi kumtaja na ninyi kushindwa. Mimi ndiye mwenye habari zake za mwisho zilizoandikwa, kwa hiyo ni haki yangu kumjibia. Lakini sijaweza kusema yale uliyoyasema kwa ajili ya kaka. Nikiyasema sasa yatakuwa kama nyimbo zangu za kwaya. Yasemeni ninyi mnaoweza, mimi nitasikiliza kutoka huku. Mimi ninachokijua ni kwamba alishika mlango mabenchi yalipotoka. Tajeni na hilo.

Mkiniita mimi, semeni hivi: yupo, anafua mashuka, haombi, analia akiwa peke yake. Msiongeze kitu. Hizo ndizo habari za wiki hii.

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu. Toroli zilishuka asubuhi kama kawaida. Nilikaa juu ya fungu la mashuka machafu, mashine zikizunguka na kelele zake, nikaanza kuwaita. Mama Mkaa yupo, aliinama kutafuta kitu kwenye mkoba, sasa amenyanyuka. Kinyozi yupo. Mlinzi yupo, ndiye aliyevunja mlango. Yule mama ninayefanya naye kazi, mchambuaji, akauliza ninaongea na nani. Nikamwelezea kidogo. Akaendelea kuchambua, halafu akasema ana mwanawe hajui yuko wapi, kama naweza kumwita na huyo. Nikamwambia hatuiti bila habari. Akasema basi habari ni kwamba mama yake anamtafuta. Nikamwita.

Sijui kama hilo ni kanisa. Wifi angejua.

Gundi, barua yako imeniambia habari za kila mtu isipokuwa zako. Mgongo unaendeleaje? Uniandikie ifike kabla ya Jumapili, na uniandikie kweli. Sitaki kusimama hapa nikakujibia uongo.

Dobi